Mwacheni Aliyefuta, Mshikeni Aliyeruhusu

Ndugu zangu mnaofanya kazi kwenye ofisi ambazo kompyuta zote hufungua folda moja, sogezeni viti tuzungumze. Wahasibu, makarani wa masjala, maofisa mikopo wa SACCOS, wauguzi mnaosajili wagonjwa, walimu wa taaluma, makatibu wa parokia na wa misikiti mnaotunza orodha za waumini: ninyi nyote mna faili moja ambalo likitoweka leo saa 8 mchana, kesho hamna kazi ya kufanya. Mnalijua. Lina jina la ajabuajabu, WANACHAMA_MPYA_2 au MAPATO_HALISI_KABISA, na limekaa kwenye diski Z ya kila mtu. Asubuhi mnalifungua bila hata kuliwazia. Jioni mnaliacha palepale, katikati ya picha za send-off na barua za likizo, mahali ambapo kidole kimoja kinatosha kulifuta.

Nasema wazi kwamba hiyo ni dhambi ya ofisi. Na aliyefuta si mwenye dhambi hiyo.

Najua mlivyozoea. Faili likipotea, kazi ya kwanza ni kumtafuta mtu. Nani alikuwa kwenye Z? Nani alitoka mwisho? Macho yanamwendea kijana wa mafunzo kwa vitendo, maana hana wa kumtetea na ndiye aliyetumwa kupanga mafaili. Anaandikiwa barua ya kujieleza, ajibu ndani ya saa 24. Anajibu kwa unyenyekevu, kwamba hakukusudia, kwamba hatarudia. Barua inatiwa kwenye jalada lake, bosi anarudi ofisini kwake akiwa ameridhika, na folda inabaki vilevile, na diski Z inabaki vilevile, na watu wote 20 waliokuwa na uwezo wa kufuta jana wanao leo. Mmemwadhibu mtu mmoja kwa kutumia uwezo ambao ninyi wenyewe mlimpa, kisha mkawaachia wengine 19 uwezo uleule. Hii ni haki gani?

Hebu tutazame kwa karibu jinsi jambo lenyewe linavyotokea. Dada wa uhasibu anataka kuingiza risiti za Machi kwenye folda ya robo ya kwanza. Anapeleka kipanya kwenye folda ili aiburute taratibu. Simu ya mezani inaita. Mkono unacheza kidogo, kidole kinabonyeza na kuachia, na folda iliyoburutwa si ya risiti, ni ile iliyokuwa juu yake, yenye kanzidata yote ya wanachama. Imeingia ndani ya folda jirani, kwa kuwa dakika ile hakuna aliyekuwa amefungua kanzidata hiyo. Hakuna kengele iliyolia. Kwenye diski ileile kuhamisha folda, hata kubwa namna gani, ni kufumba na kufumbua. Anapokea simu, anasema shikamoo mzee, anaendelea na risiti zake. Dakika tano baadaye dirisha la mapokezi linaambiwa na kompyuta kwamba faili halipo, foleni inasimama, na mtu anapaza sauti kutoka chumba cha pili: "Jamani, mtandao umekata?"

Huyo ana bahati. Faili lake lipo, limepotea njia tu, na kulitafuta ni kazi ya nusu saa. Mwenye balaa ni yule aliyefuta. Kwenye kompyuta yako ukifuta faili, linakwenda kwenye pipa la taka, na ukijuta unaliokota. Ukilifuta kwenye folda ya mtandao, haliendi pipani. Halimo kwenye pipa la kompyuta yako wala kwenye pipa la seva. Windows inakuuliza mara moja tu kama una hakika, na ule mkono ambao tangu asubuhi umejibu ndiyo, ndiyo, ndiyo kwa kila swali la kompyuta, unajibu ndiyo tena. Mnapenda kusema majuto ni mjukuu. Kwenye seva huyo mjukuu anazaliwa siku hiyohiyo.

Tena lipo jambo moja linalowapumbaza wengi. Faili la kanzidata likiwa limefunguliwa na mtu yeyote, Windows hukataa kulifuta. Basi mchana kutwa, wakati watu wako kazini, faili linajilinda lenyewe, na ofisi inakaa miaka bila kuadhirika ikidhani imejaliwa. Siku yake huja saa ya chakula, wote wametoka kwa mama ntilie. Au huja Jumamosi, mtu mmoja mwenye nia njema amekuja kupunguza mafaili kwa sababu diski imejaa. Muogopeni sana mtu mwenye nia njema anayesafisha. Desemba 2021, Chuo Kikuu cha Kyoto nchini Japani kilipoteza terabaiti 77 hivi za data za utafiti, kazi za makundi 14, na aliyezifuta hakuwa adui. Ilikuwa programu ya kuhifadhi nakala, iliyoandikwa na kampuni iliyowauzia mtambo, ambayo sehemu ya kazi yake ilikuwa kufuta kumbukumbu ndogondogo zilizokwisha muda wake. Waliirekebisha ikiwa bado inakimbia, ikapoteza mahali pake, ikaendelea kufuta kisichopaswa kufutwa. Kama programu ya kulinda nakala inaweza kufuta namna hiyo, sembuse karani aliyeambiwa apunguze?

Sasa nawageukia ninyi mafundi. Msiangalie chini.

Kwa nini mmempa kila mtu ruhusa kamili? Msiniambie hamjui, mnajua sana. Ofisi nyingi ndogo zinaendeshwa na kanzidata ya Microsoft Access iliyotengenezwa na mtu aliyekwisha kuhamia kwingine. Mtu wa kwanza anapoifungua asubuhi, Access hutengeneza faili dogo la kufuli kando ya faili kuu, lenye jina lilelile na mwisho wa .laccdb, au .ldb kwa zile za zamani. Humo ndimo inamoandika nani yumo ndani, ili watu wawili wasiandike mstari mmoja kwa wakati mmoja. Wa mwisho akitoka jioni, faili hilo dogo hufutwa. Kwa hiyo kila mtumiaji anahitaji uwezo wa kutengeneza faili ndani ya folda ile, na uwezo wa kulifuta. Nanyi siku moja mlijaribu kufanya vyema. Mliwanyima watu ruhusa kwenye folda, na kanzidata ikanuna: ikawa inafunguka kwa mtu mmoja tu wengine wakifungiwa nje, au inafunguka kwa kusoma bila kuandika. Simu zikalia. Mkuu wa idara akaja mwenyewe mlangoni. Mkachoka, mkaweka tiki kwenye ruhusa kamili kwa kila mtu, simu zikanyamaza, mkaenda kula.

Ni sawa na mwenye duka anayempa kila mteja ufunguo wa ghala kwa sababu alikuja kununua kilo moja ya sukari.

Nisikilizeni vizuri, maana dawa yake ipo na ni kazi ya robo saa. Kwenye Windows, mtu hupata uwezo wa kufuta faili kwa njia mbili. Anaweza kuwa na ruhusa ya kufuta kwenye faili lenyewe, au anaweza kuwa na ruhusa kwenye folda inayolibeba, ile inayosema unaweza kufuta vilivyomo. Ikiwepo moja tu kati ya hizo, faili linafutika. Ruhusa kamili inabeba zote mbili. Ruhusa ya kurekebisha inabeba ya kwanza tu. Wengi wenu mmefunga moja mkaacha nyingine, mkajaribu, faili likafutika, mkasema haiwezekani. Inawezekana. Iondoeni ruhusa kamili kwenye folda. Acheni mafaili mapya yanayozaliwa humo yaweze kurekebishwa na kufutwa, ili lile la kufuli liende na kurudi bila kusumbua mtu. Kisha lishikeni faili kuu peke yake, likateni lisirithi ruhusa za folda, mlipe kusoma na kuandika tu. Kufuta kusiwemo. Uwezo huo ubaki kwa akaunti ya msimamizi, na msimamizi mwenyewe asiitumie akaunti hiyo kwa kazi za kila siku.

Msisahau folda. Windows huhesabu kuhamisha folda, na hata kuibadili jina, kuwa ni namna ya kuifuta. Mkiinyima folda yenyewe ruhusa ya kufutwa, na folda inayoibeba isitoe ruhusa kamili, simu ikiita na mkono ukicheza, haiburutiki. Yule dada wa uhasibu ataona ujumbe kwamba hana ruhusa, ataguna, ataendelea na risiti zake. Hatajua kamwe alichoepushwa.

Halafu wapo watakaofanya yote haya kwa uaminifu na baada ya mwezi wakute ulinzi umetoweka. Nawaambia sababu, maana imewatia wengi aibu. Kanzidata ya Access huvimba kadiri inavyotumika, na mara kwa mara inabidi ibanwe na kukarabatiwa. Access inapofanya kazi hiyo, huandika faili jipya, hulitupa la zamani, na kulipa jipya jina la lile la zamani. Maana yake ni mbili: mtumiaji wa kawaida hataweza tena kubana faili mlilolilinda, na hiyo ni heri, ibaki kazi ya msimamizi; lakini msimamizi naye akimaliza kubana, faili lililopo ni jipya na limechukua ruhusa za folda. Ulinzi wenu ulikufa pamoja na la zamani. Uwekeni upya kila mara. Liandikeni agizo hilo ukutani kama hamna pengine pa kuliandika.

Na jamani, igaweni kanzidata hiyo sehemu mbili. Fomu, ripoti na vitufe vikae kwenye kompyuta ya kila mtu, majedwali yenye data yakae kwenye seva. Mtu afungue faili lake, nalo lenyewe liifuate data kwenye seva kwa anwani yake. Hapo hakuna sababu ya mtu yeyote kuona diski Z. Jina la folda ya pamoja likimalizikia na alama ya dola, halionekani hata kwa anayevinjari mtandao. Fundi mwenye elimu atanikemea kwamba kuficha si kulinda. Ni kweli, mwizi hatazuiwa na alama ya dola. Lakini mimi leo simhubirii mwizi. Namhubiria mtu aliyekuja Jumamosi kupunguza mafaili, na huyo hafuti asichokiona.

Lipo pia la mtu anayeingia ndani ya jedwali, akachagua mistari yote na kubonyeza kitufe cha kufuta, faili likabaki na ndani yake mkawa mtupu. Fomu zenu zizuie kufuta mistari. Mwanachama aliyejitoa awekewe alama kwamba amejitoa. Hakuna haja ya kumfuta kama vile hakuwahi kuzaliwa.

Haya yote ni nusu ya wokovu. Kwa sababu mnaweza kufunga kila kitu na diski ikafa, au radi ikapiga, au msimamizi mwenyewe akateleza. Na hapa nataka mmsikie msimamizi aliyeteleza.

Jimbo la Alaska nchini Marekani lina mfuko wa fedha za mafuta, na kila mwaka wakazi wake hupewa gawio. Wakati huo watu waliomba kwa fomu, fomu ziliskaniwa, picha zake zilikaa kwenye kompyuta za idara ya mapato. Julai 2006, fundi mmoja wa idara hiyo alikuwa kwenye kazi ya kawaida ya matengenezo, akafomati diski yenye taarifa za waombaji. Kuteleza kwa kwanza. Kisha akafomati na diski ya akiba. Kuteleza kwa pili. Bado wakawa na matumaini, maana ilikuwepo mikanda ya kumbukumbu, ngazi ya tatu ya ulinzi. Wakaileta mikanda. Haikusomeka. Mfuko ule ulikuwa na thamani ya dola bilioni 38, na picha za hati zipatazo 800,000, kazi ya miezi 9, hazikuwepo.

Mnajua kilichowaokoa? Maboksi. Maboksi ya kadibodi yapatayo 300 yaliyojaa zile fomu za karatasi. Wafanyakazi wa sasa na wa zamani wakaitwa, wakafanya kazi usiku na mwisho wa juma, wakaskani upya karatasi moja baada ya nyingine kwa wiki 6 hivi. Gharama ikapita dola 200,000. Na wakubwa wa idara ile hawakumtoa mtu kafara. Mtu mmoja anaweza kufomati diski, lakini mtu mmoja hawezi kuifanya mikanda isisomeke bila mwingine yeyote kugundua. Hilo lilikuwa la idara nzima.

Na ninyi mnaochoma fomu za karatasi mara tu "zikishaingizwa kwenye mfumo", hapo mmesikia? Basi.

Wapo waliokaa hapa wakijisemea kimoyomoyo: sisi tuna diski mbili, moja ikifa nyingine inaendelea. Diski hizo mbili huandikwa pamoja, na hufutwa pamoja. Zinakukinga na chuma kuchoka, na kwa hilo ni njema, lakini ukifuta faili zote mbili zimelifuta kwa sekunde ileile. Wapo wanaosema: sisi tuna folda inayojinakili yenyewe kwenda mtandaoni. Nayo hunakili na kufuta kwako, kwa utii mkubwa. Nyingi ya huduma hizo huweka vilivyofutwa kwa siku kadhaa. Ulizeni ni siku ngapi, na mjue kwamba siku hizo zina mwisho. Tena faili la Access linalotumiwa na watu wengi kwa pamoja halifai kabisa kuwekwa kwenye folda ya namna hiyo, litaharibika kabla hata hamjalifuta.

Kama hamniamini kuhusu nakala zinazofuatana, waulizeni Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makontena yake mnayaona bandarini Dar es Salaam na Mombasa. Tarehe 27 Juni 2017, kirusi kiitwacho NotPetya kiliingia kwenye mtandao wao na kuzima ofisi zao duniani kote. Seva zao zinazotunza orodha ya watumiaji na ruhusa zao zilikuwa kama 150, zimetapakaa dunia nzima, kila moja ikinakili mwenzake. Walihesabu kwamba moja ikifa nyingine itaijaza. Hawakuwahi kuwaza kwamba zote zitafutwa siku moja, kwa hiyo hakuna aliyeweka nakala ya pembeni, iliyochomolewa. Wakatafuta kila pembe. Wakaipata moja, nzima, Ghana. Na ilikuwa nzima kwa sababu gani? Umeme ulikuwa umekatika! Kirusi kilipopita, ile ilikuwa imezimika. Mtandao wa Ghana haukuweza kupitisha data zake kwa muda unaofaa, mfanyakazi wa Ghana hakuwa na viza ya Uingereza, basi akapanda ndege hadi Nigeria, akamkabidhi mwenzake diski uwanjani, na mwenzake akapanda ndege ya London. Kampuni ya mabilioni ikaokolewa na umeme kukatika. Sisi tunaolaani mgao kila siku, hapo tumekosa la kusema.

Ninachotaka mshike hapo ni kuchomolewa. Nakala ambayo imeunganishwa muda wote na kile kinachonakiliwa itakufa nacho. Mpiga picha wa Marekani, Peter Krogh, alieneza kanuni inayoitwa 3-2-1: nakala tatu za kila kitu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja nje ya jengo. Haihitaji fedha nyingi. Diski mbili za nje zinazopokezana, moja ofisini na moja nyumbani kwa mtu anayeaminika au benki, na zote zifungwe kwa nywila, maana taarifa za watu zikianguka kwenye daladala ni kesi nyingine. Kanzidata inakiliwe usiku, watu wote wakiwa wametoka humo, kwa sababu faili la Access likinakiliwa katikati ya kuandikwa, nakala inaweza kuwa mbovu na sura yake ikawa nzuri.

Kwa wenye seva ya Windows, kuna kitu mmelipia na hamkiwashi. Tangu toleo la mwaka 2003, seva hiyo inaweza kuhifadhi hali ya folda kwa vipindi, na mtu akafungua folda kama ilivyokuwa asubuhi. Ukikiwasha bila kugusa ratiba, hufanya hivyo saa 1 asubuhi na saa 6 mchana siku za kazi, na hushika hadi hali 64 kwa kila diski. Kwa faili lililofutwa saa ya chakula, hiyo ni dawa ya dakika mbili. Si mbadala wa nakala ya nje, maana kwa kawaida hukaa kwenye diski ileile. Lakini kukaa miaka na kitu hicho kikiwa kimezimwa, wakati watu wanaandikishwa barua za kujieleza? Tubuni.

Nije sasa kwa wakubwa. Waheshimiwa wakurugenzi, mameneja, wenyeviti wa bodi, mazungumzo yenu na fundi nayajua. Mnamwita, mnamuuliza: "Kijana, mafaili yetu yako salama?" Anajibu: "Yako salama, mzee. Bakapu ipo kila siku." Mnasema vizuri, mnaendelea na ajenda. Mmeuliza swali ambalo lina jibu moja tu. Swali la kumuuliza ni hili: "Mara ya mwisho ulirudisha faili kutoka kwenye bakapu lini, na nani alishuhudia likifunguka?" Muulizeni hivyo, kisha mnyamaze, mtazame uso wake.

Msidhani ni la ofisi zetu ndogo peke yake. Tarehe 31 Januari 2017, huko GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandishi wa programu wa dunia nzima, mhandisi wao akiwa amechoka usiku alikusudia kufuta saraka kwenye seva ya akiba, akaifuta kwenye seva kuu. Aligutuka baada ya sekunde moja au mbili na kusimamisha. Kati ya gigabaiti 300 hivi, zilibaki 4.5. Wakageukia nakala. Walikuwa na njia tano za kuhifadhi. Nakala ya kila siku ilikuwa inashindwa kimya kimya, kwa kuwa programu iliyokuwa inaitengeneza ilikuwa toleo lisilolingana na kanzidata yao. Barua pepe za kuwaarifu kwamba imeshindwa zilikuwa zinakataliwa njiani, hakuna aliyezipata. Mahali pa kuwekea nakala palikuwa patupu. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi yuleyule aliitengeneza kwa mkono kama saa 6 kabla, kwa ajili ya jambo jingine kabisa. Kilichoandikwa ndani ya saa hizo kilipotea. Wakasimama wakaandika hadharani kila kitu, mpaka aibu ya lile ghala tupu, na ndiyo maana leo ninaweza kuwahubirieni habari yake. Ofisi iliyoficha yake haijamfundisha mtu.

Wakubwa, mnasema fedha hakuna. Hesabuni mishahara ya watu 20 kwa wiki mbili za kuingiza upya majina kutoka kwenye karatasi, kama karatasi zipo. Ongezeni na sheria: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, Kenya ina yake ya mwaka 2019, na zote zinamtaka anayetunza taarifa za watu azilinde zisipotee, hata kwa bahati mbaya. Mwanachama aliyepoteza kumbukumbu za hisa zake hatamshitaki kijana wa mafunzo kwa vitendo. Atawashitaki ninyi.

Na lipo moja ambalo ni lenu ninyi wakubwa peke yenu. Faili likifutwa, mara nyingi data haijatoweka saa ileile. Nafasi yake tu imetangazwa kuwa wazi, na mtaalamu anaweza kuifufua kabla kitu kingine hakijaandikwa juu yake. Zile hali za asubuhi na mchana nazo hazikai milele, mpya zikija za zamani huondoka. Diski za nje zinazopokezana huandikwa upya. Kila saa inayopita inawanyang'anya kitu. Sasa mtu aliyefuta, akiogopa barua ya kujieleza, atafanya nini? Atanyamaza. Atafunga kompyuta, atajifanya hajui, ataondoka saa 10 na wenzake. Usiku nakala mpya itatengenezwa kutoka kwenye folda isiyo na faili, na itaandikwa juu ya ile iliyokuwa nalo. Barua zenu za kujieleza ndizo zinazokamilisha kazi ambayo kidole kilianza. Tangazeni leo, mbele ya wote, kwamba atakayesema ndani ya dakika 10 hataulizwa kitu isipokuwa folda ipi na saa ngapi.

Na ninyi wafanyakazi, likiwatokea, toeni mikono kwenye kipanya. Msijaribu kulitengeneza upya kwa jina lilelile, msinakili kitu kingine kwenye diski ile, msiizime seva. Pigeni kelele. Mwiteni fundi kwa jina lake.

Kesho asubuhi, kabla foleni haijaanza, fundi achukue diski ya nje. Achague faili la wanachama la juzi, alirudishe kwenye kompyuta ambayo si seva, alifungue mbele ya mtu wa uhasibu, naye mtu wa uhasibu atafute risiti ya mwisho aliyoingiza juzi jioni kabla hajatoka, kwa namba yake. Ikionekana, waandike tarehe na majina yao wote wawili kwenye daftari, na miadi ya mwezi ujao. Isipoonekana, asiendelee mtu na kazi nyingine yoyote. Bosi apigiwe simu kabla ya chai ya saa 4, na aambiwe kwamba kuanzia sasa hadi nakala nzima itakapopatikana, hakuna anayegusa folda ile bila fundi kusimama nyuma yake.